Bega la Wifi

Tarehe 3 Februari

Kwako wifi yangu,

Salamu zangu nyingi, na za cherehani yangu pia, ambayo bado inalia kama mbuzi kila nikiikanyaga. U hali gani? Kazi ya kufundisha watu kuendesha magari bado haijakuua? Mimi sijambo, na ukinikuta njiani utasema sijambo kweli. Kinachonisumbua ni bega.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu tumzike kaka yangu hatujaandikiana, wala hatukugombana. Tungegombana ingekuwa rahisi, mmoja wetu angeomba radhi tukayamaliza. Sisi tulinyamaza tu. Kila nikifikiria kukupigia simu naona kama ni yeye atakayeipokea. Halafu simu ina ubaya wake: mtu akiniuliza hali nasema sijambo, nakata. Ndiyo maana naandika, ili nikishaanza nisiweze kukimbia.

Nilikuwa na uvimbe nyuma ya bega la kushoto. Ulikaa hapo miaka, mgumu kama kifungo cha koti kilichoshonewa ndani ya ngozi. Hauumi, hauwashi, nikauzoea kama mpangaji asiye na makelele. Mwaka jana ukaanza kukua na kugeuka rangi, ukawa mwekundu unaoelekea zambarau. Nikaenda hospitali yetu ya hapa. Daktari akasema inaelekea ni uvimbe wa mafuta tu, akaukata, akanishona, nikarudi dukani. Lakini kwa uangalifu wake alipeleka kipande maabara. Majibu yalipotoka akaniita, akafunga mlango, na nilipoona anafunga mlango nikajua.

Ni saratani ya ngozi, wifi, ya aina isiyoonekana mara kwa mara. Jina lake refu, siwezi kulitamka bila kujiuma ulimi. Anasema mara nyingi hii haikimbilii sehemu nyingine za mwili, inakua polepole, ila ina mizizi inayotambaa chini ya ngozi. Maabara wameona kingo za kile alichokata si safi. Maana yake iko iliyobaki. Aliniambia wazi: "Mama, ugonjwa huu mimi nimeusoma vitabuni tu. Wa kukufuatilia ni bingwa, na bingwa yuko mjini." Akaniandikia rufaa. Nilimheshimu sana.

Huko mjini nakujua wewe tu. Sikuombi makubwa. Nielekeze mlango wa kubisha.

Wifi yako,
fundi


Tarehe 9 Machi

Wifi yangu,

Naanza na pole, salamu zitakuja nyuma. Pole, pole, na pole tena.

Barua yako nimeipata leo. Uliituma kwa sanduku la posta la kaka yako, na mimi sanduku lile sijalifungua tangu aondoke. Leo nilikwenda kulirudisha, maana posta wamekuwa wakinikumbusha. Nikasema ngoja nichungulie kabla sijatoa ufunguo. Ndani mlikuwa na matangazo ya vitu ambavyo hakuna anayevihitaji, na bahasha yako katikati. Nilisoma nimesimama pale pale, watu wananipita. Kwa muda wote huo umekuwa ukidhani nimekusoma nikanyamaza. Sikuwa nimekusoma, wifi. Ufunguo sikuurudisha.

Sasa nijibu vizuri. Kidonda kimefunga? Mkono unauinua? Usingizi unaupata, na unalala upande gani? Nitumie nakala ya rufaa na ya majibu ya maabara, lakini usipitishe posta. Wape watu wa basi la asubuhi, waambie ni mzigo wa Mama Breki. Stendi nzima wananijua kwa jina hilo, walinibandika wenyewe kwa kusikia ninavyopiga kelele garini.

Na uniache na hilo neno la kukuelekeza mlango. Mlango nitaubisha mimi.

Wifi yako,
Mama Breki


Tarehe 14 Machi

Wifi,

Nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kama niko salama. Mama Breki! Kaka yangu angelipenda hilo.

Natumaini u mzima. Mimi kidonda kimefunga. Mkono unapanda mpaka sikioni, hapo unagoma. Nalala upande wa kulia kama kitabu kilichowekwa rafu. Kushona nashona, ila kukata kitambaa mezani kunanichosha, na msimu huu mabibi harusi wamenijia kama wameambiana.

Huku kila mtu amekuwa daktari wa bega langu. Jirani yangu muuza mkaa anasema nimerogwa na fundi mwenzangu. Mteja mmoja ameniletea majani ya kuchemsha, mwingine amenikataza majani ya yule wa kwanza. Nawashukuru wote, nayaweka majani dirishani, yananukia vizuri.

Nakuwekea nakala ulizoomba. Na jambo hili sijamwambia mtu. Jana nikioga nimegusa pembeni ya kovu, nikahisi kitu kigumu. Sijui ni kovu lenyewe, au ni yule mpangaji amerudi kuchukua alichosahau.

Wifi yako,
fundi


Tarehe 22 Machi

Wifi mpenzi,

Hujambo wewe, na bega halijambo? Mimi mzima, miguu tu ndiyo inanung'unika, na ina haki.

Nina mwanafunzi mmoja, mkunga mstaafu. Anasema amezalisha nusu ya mji huu na sasa anataka kuendesha gari kabla hajafa. Anakwenda taratibu kama mtu anayesubiri mtoto atoke. Ilipofika zamu yake nikamwambia leo tunajifunza kuingia hospitali kuu na kuegesha. Akacheka, maana alifanya kazi pale ujana wake wote.

Tulianza kliniki ya ngozi. Karani akasoma rufaa yako, akasema hii ni saratani, nendeni jengo la saratani. Huko wakasema imeshakatwa, kwa hiyo ni ya wapasuaji. Wapasuaji wakasema mgonjwa arudi kwa aliyempasua. Nikawaambia aliyempasua ndiye aliyemtuma hapa. Wakanitazama kama nimeonyesha taa ya kulia nikakata kushoto. Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti ndipo mkunga akanishika kiwiko, akaniambia nisigombane na mtu wa dirishani, funguo hana yeye. Akanipandisha ngazi za nyuma. Kumbe kuna chumba ambamo kila Alhamisi madaktari wa ngozi, wapasuaji na watu wa maabara hukaa pamoja kuwaangalia wagonjwa wa aina yako. Madirisha yote matatu yalikuwa hayajui, au yalichoka kusema.

Bingwa mwenyewe ni mama mfupi, sauti ya chini, miwani inaning'inia kifuani. Alisoma majibu yako amesimama, kisha akakaa akayasoma tena. Akasema ugonjwa huu ameshakutana nao, si mara nyingi, lakini ameshakutana nao. Wifi, hujui raha niliyoipata kwa neno hilo. Nikamweleza ulichohisi pembeni ya kovu. Akasema: "Aje. Kilichobaki kinakatika, asingoje mpaka kikomae."

Anataka vitu viwili: wewe, na kile kipande cha kwanza. Maabara ya huko wanakihifadhi ndani ya nta, kiombe, wakupe, ili wa hapa wakiangalie upya kwa macho yao. Amekuandika Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao. Panda basi la Jumatano. Nitakuwa stendi.

Wifi yako,
Mama Breki

(Mkunga anakusalimu. Kuegesha ameegesha vizuri, kutoka ndiko kumemshinda.)


Tarehe 28 Machi

Wifi,

Asante. Neno dogo, lakini ndilo nililonalo. U mzima? Mpe mkunga salamu zangu, mwambie na mimi kutoka kunanishinda, kila nikivaa viatu mteja anaingia.

Kipande nimekipata. Daktari wetu alinisindikiza maabara mwenyewe ili wasinizungushe. Nilidhani nitapewa kitu cha kutisha. Ni kijidude cha nta, ndani yake kuna kitu kidogo kama ukucha. Miaka yote mpangaji huyu nimembeba mgongoni, leo namuona kwa mara ya kwanza, na hata chuki sikuisikia. Nimemfunga kwa kipande cha hariri kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi, nimemweka kwenye mkoba.

Jumatano nakuja.

Wifi yako,
fundi


Tarehe 6 Aprili

Wifi yangu,

Natumaini u mzima. Jirani yako muuza mkaa ndiye aliyenihakikishia. Simu yako iliita weee bila jibu, nikamtafuta yeye kupitia watu wa basi, akasema upo dukani, cherehani inasikika mpaka kwake. Basi nikajua hukupata ajali wala hukuzidiwa. Hukupanda tu.

Jumatano nilisimama stendi mpaka wasafishaji wakaanza kufagia ndani ya basi. Alhamisi nikaenda hospitali peke yangu. Nilikaa kwenye foleni, mahali pako. Daktari alipoita jina lako nikasimama. Akanitazama, akatazama rufaa. Nikasema mimi ni wifi yake, mwenyewe hajafika. Nilidhani atanifukuza kwa kumpotezea muda. Akaniuliza, "Anaogopa nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi muulize kwa upole." Akakuandika Alhamisi nyingine, wiki mbili mbele.

Mimi upole nilikuwa nao, umeishia barabarani. Kwa hiyo sikuulizi. Nakuambia tu kwamba ubishi huu naujua, nimelala nao kitanda kimoja miaka mingi, na ulikuwa na pua kama yako.

Wifi yako


Tarehe 2 Juni

Wifi yangu mpenzi,

Nimefika salama kutoka kwako na nyumba nimeikuta salama, ila vumbi. Natumaini umepumzika, maana kuuguza mtu kunachosha kuliko kuugua. Mwili hauna homa, mshono umekauka. Leo nimeshona kidogo kwa mkono, mguu bado siupi kazi mpaka paja walilochukua ngozi lipone vizuri.

Nataka kukuandikia mambo ambayo uliyaona kwa macho yako. Usinicheke. Upande wako unaujua, wangu huujui, na nilipokuwa kwako kila nikitaka kuusema tulikuwa tunakula, au tunacheka, au unanibadilishia bandeji.

Ile Jumatano nilifika stendi. Nilikuwa na mkoba, tiketi, na kipande changu cha nta. Dereva akawasha gari, nami nikageuka nikarudi dukani kama mtu aliyesahau pasi kwenye umeme. Barua yako ilipokuja niliisoma nikaiweka chini ya mkasi. Nikasema moyoni, Alhamisi ya pili nayo itapita, kisha utachoka, na mimi nitabaki na bega langu.

Ndipo gari lako likasimama mbele ya duka na bango lake la MWANAFUNZI juu. Muuza mkaa akaniambia kuna mtu amekuja kujifunzia mlangoni kwangu. Ukaingia, ukasalimu, ukakaa kwenye benchi la wateja. Nilikuwa nakunja pindo la sketi. Nilingoja unifokee. Ukasema nimalize tu pindo. Nikamaliza. Ukasema nichukue na nyingine, huna haraka. Wifi, siku ile nilikunja pindo za watu ambao hata hawakuwa wameziomba. Mpaka nikakosa cha kushona. Na nilipokosa cha kushona maneno yakatoka yenyewe.

Nilikuambia: "Kisu sikiogopi. Naogopa kuingia nyumbani kwako nikute hayumo."

Nilitegemea uniambie hayo ni ya kitoto. Ulibandua uzi uliokwama kwenye gauni lako, ukasema: "Hata mimi kila jioni naingia, nakuta hayumo. Twende tuingie wawili."

Ndiyo maneno yaliyonipandisha gari, si daktari wala saratani.

Ulinikalisha kwenye kiti cha mwalimu, kile chenye breki yake, ukaniambia nikiogopa nikanyage. Safari nzima sikuigusa. Tulipofika kwako nikaingia nyuma yako. Nilitazama kila mahali kwa pamoja, kama mtu anayeruka kwenye maji baridi. Viatu vyake havikuwepo mlangoni. Redio yake ilikuwepo, imezimwa. Nikaona kwamba hayumo kweli, na kwamba nimesimama, sijaanguka. Ulikuwa jikoni unagonga masufuria kwa makusudi ili nilie bila kusikika. Nilikusikia ukigonga. Asante kwa masufuria.

Breki niliikanyaga kesho yake, kwenye kona ya hospitali. Gari likasimama ghafla, nyuma yetu wakapiga honi kama harusi. Hukugeuka, hukunisukuma. Ulikaa umeshika usukani mpaka nikaondoa mguu mwenyewe, ukasema, "Haya," tukaendelea.

Yaliyofuata unayajua: bingwa alivyolipapasa bega langu amefumba macho, alivyochora kwa kalamu mstari mpana kuliko nilivyotarajia, na alivyoniambia kwamba kile kigumu hakikuwa kovu. Usichokijua ni kwamba kabla hawajanilaza usingizi alinishika mkono, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia. Akasema basi nitamwelewa: atakata mpaka afike kwenye kitambaa kizima, kisha atachukua ngozi pajani atie kiraka. Nikamwambia kiraka kizuri hufuata uelekeo wa nyuzi. Akasema atajitahidi. Nililala nikitabasamu, na si kwa sababu sikuogopa.

Juzi nimejitazama kwa vioo viwili. Si pazuri, wifi. Ni kama mtu amechota kijiko cha bega langu akafunika kwa ngozi ya mtu mwingine. Nimevaa haraka, nikakaa. Baadaye nikavua tena nikatazama vizuri zaidi. Ametia kiraka safi yule mama, sina la kumkosoa.

Sasa tunangoja majibu ya kingo. Mchana kazi inanisaidia. Asubuhi ndiyo ngumu, kabla sijakumbuka la kufanya. Ukiyapata, niambie kama yalivyo, usiyapambe.

Wifi yako,
fundi


Tarehe 19 Juni

Wifi yangu,

Salamu nitatoa mwishoni, kwanza pokea hili: kingo zote safi. Juu, chini na pande zote. Bingwa amenisomea sentensi ile mara mbili, ya pili nilimwomba. Sijapamba chochote.

Sasa keti, maana kuna lingine. Anasema safi haina maana kwamba ametia muhuri. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi pale pale ulipokatwa, hata baada ya miaka, ndiyo maana hawakuachii. Utakuja kila baada ya miezi sita akupapase bega, na mara moja moja wakupige picha za ndani. Hivyo kwa miaka mitano, halafu mara moja kwa mwaka, na pengine usiache kabisa. Kati ya safari na safari ujikague mwenyewe, na ukihisi kitu usingoje tarehe. Daktari wenu wa huko ameshaandikiwa, atakuwa anakuangalia naye.

Bingwa alinieleza hayo kwa sauti ya kuomba radhi. Alisema anajua umbali wenu, anajua kuchosha kwa safari, na wengi wakishaambiwa wako safi hawaonekani tena. Akaniuliza kama nadhani utaweza kuja mara zote hizo. Nikamjibu kwamba utakuja. Nilimjibu haraka mno, akanitazama.

Nilishuka nikakaa garini. Mkunga alikuwa kwenye usukani, ilikuwa zamu yake. Akaona uso wangu, akadhani majibu ni mabaya, akanishika bega, kama wanavyofanya wakunga. Nikamwambia ni mazuri. Akauliza sasa nalia nini. Nikashindwa kumwambia, lakini wewe nitakuambia. Tangu kaka yako aondoke watu wananitembelea vizuri, wanakuja na maneno yao mazuri, wanaondoka. Hakuna hata mmoja ambaye ni lazima aje. Leo daktari ameniandikia mtu wa lazima, kila miezi sita, miaka mitano na zaidi. Mungu anisamehe kwa kufurahia jambo lililoletwa na ugonjwa wako, lakini nimefurahi.

Safari ya kwanza ni Desemba. Bega lisalimie, paja pia, na muuza mkaa mwambie hukurogwa.

Na ukija, lete futi yako ya kupimia. Dirisha la chumba chako halina pazia. Mimi silipimi, nitakosea tu. Uje ulipime mwenyewe.

Wifi yako,
Mama Breki